Kabla ya Chandarua

Leo nimekuja na habari ya mtoto mchanga na mbu.

Najua wapo watakaosema, aa, habari ya mbu tumeisikia tangu darasa la kwanza. Ni kweli tumeisikia. Tumeambiwa tulale ndani ya chandarua, na wengi wetu tunalala. Lakini leo sitaanzia kitandani. Nitaanzia uani, saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati chandarua kingali kimefungwa fundo juu ya kitanda na mtoto yuko nje pamoja nasi.

Nikusimulie nilichokiona juzi hapa nyumbani kwetu Tanga. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Mkwe wangu ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, mwanawe yuko mgongoni, amemfunga kwa kanga. Mjukuu wangu huyo ana miezi saba. Mimi nilikuwa nyuma yao, juu ya mkeka, nachagua mchele. Nikawa naitazama ile miguu miwili iliyochomoza chini ya kanga, mmoja huku na mwingine kule, haina soksi, imenona, inaning'inia kwa raha zake.

Mbu mmoja akatua juu ya kisigino cha kushoto. Akatulia kidogo, akainama, na tumbo lake lililokuwa jembamba kama uzi wa cherehani likaanza kujaa. Nililiona kwa macho yangu likivimba na kugeuka jekundu. Mtoto hakushtuka, wala mguu haukucheza. Nilipofikisha mkono, mbu ameshashiba, na mtu aliyeshiba huwa mzito wa kuondoka. Nikampiga. Kiganjani pakabaki doa la damu mbichi. Damu ile si ya mbu, msikilizaji. Mbu hana damu nyekundu ya kwake. Ilikuwa damu ya mjukuu wangu.

Wahenga walisema, mwana hutazama kisogo cha nina. Na mtoto wa mgongoni ndivyo alivyo hasa. Yeye anatazama kisogo cha mama yake, mama anatazama kazi iliyo mbele yake, na nyuma yao wote wawili hakuna anayetazama. Hapo ndipo mbu anapopita.

Mtu mzima akiumwa na mbu hujipiga kofi, hujikuna, hulalamika, huinuka akafunga dirisha. Mtoto wa miezi mitatu hajui hata kwamba mguu ule ni wake. Hawezi kumfukuza mbu, na hawezi kukwambia kwamba ameumwa. Atalia tu usiku, nawe utadhani ni tumbo.

Nina sababu ya kulishika jambo hili kwa mikono miwili. Miaka mingi iliyopita, mwanangu wa kwanza alipata malaria akiwa na miezi minane. Nilisikia uchungu na haya kwa pamoja, kwa sababu chandarua nilikuwa nacho, tena kizima, na kila usiku mtoto alilala ndani yake. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, msemaji wa taratibu. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Mwanangu, huyu mtoto anaingia kwenye chandarua saa ngapi?" Nikamjibu, saa tatu, nikishamaliza kazi zangu. Akaniuliza tena, "Na tangu magharibi mpaka hiyo saa tatu, anakuwa wapi?"

Nilikosa jibu. Alikuwa mgongoni kwangu. Au alikuwa juu ya mkeka uani, amevaa nepi peke yake kwa ajili ya joto. Swali la mama yule sijapata kulisahau, na ndilo ninalokuletea leo. Mwanao, kabla ya chandarua, anakuwa wapi?

Tuwatazame hao mbu wenyewe. Anayeuma ni jike peke yake, maana anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Dume huishi kwa maji matamu ya maua na mimea. Jike humtafuta mtu kwa pumzi anayoitoa, kwa joto la mwili na kwa harufu ya jasho. Kwa hiyo hata gizani, hata mtoto akiwa kimya kabisa, mbu anajua alipo.

Katika nyumba zetu, mbu wa aina tatu ndio wanaogawana siku ya mtoto. Wa kwanza ni Anofelesi, mwenye malaria. Akitua ukutani huinua tumbo juu na kuinamisha kichwa, kama msumari uliopigwa upande. Huyu ni wa usiku, na kazi yake kubwa huwa kati ya usiku mkubwa na alfajiri, ingawa wapo wanaoanza mapema tukiwa bado tumeketi nje. Wa pili ni Kuleksi, yule wa rangi ya kahawia anayetupigia zumari masikioni. Huzaliana kwenye maji machafu, vyoo vya shimo na mitaro iliyoziba, na giza likiingia tu yuko kazini. Huku pwani ndiye aliyetusambazia matende na mabusha miaka na miaka. Wa tatu ni Aedesi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi, na tena alasiri kuelekea jua kuzama. Ndiye mwenye homa ya dengi, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia kidingapopo, iliyoisumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Sasa hesabu mwenyewe. Mtoto anapolala usingizi wa asubuhi sebuleni bila kufunikwa, yuko kwenye zamu ya Aedesi. Akikaa uani baada ya magharibi, yuko kwenye zamu ya Kuleksi, na Anofelesi naye anaanza kuamka. Chandarua cha usiku kinalinda zamu moja. Zamu mbili zilizobaki zinakusubiri wewe na mimi.

Wala hili si jambo la kuwashwa peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000 duniani. Katika kila 100 kati yao, 95 walikuwa wa bara letu la Afrika. Na hapa Afrika, katika kila vifo vinne, karibu vitatu vilikuwa vya watoto ambao hawajatimiza miaka 5. Mtoto huzaliwa na kinga kidogo aliyopewa na mama yake. Kinga hiyo hupungua kadiri miezi inavyokwenda, na ya kwake mwenyewe bado haijajengeka. Umri huo anaoanza kukaa, kutambaa na kucheka na kila mtu ndio umri ambao malaria humpata akiwa hana ngao.

Chandarua kina sifa yake na siwezi kuipunguza hata chembe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vyandarua vyenye dawa viliuzwa vijijini kwa jina la Zuia Mbu. Watafiti wa kituo cha utafiti cha Ifakara wakawafuatilia watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka 4, wakaona kwamba waliolala ndani ya vyandarua hivyo walikuwa na nafasi ya kuishi iliyozidi kwa asilimia 27. Fikiria watoto wangapi leo ni watu wazima, wanalima mpunga katika bonde la Kilombero, kwa sababu ya wavu tu. Siku hizi Tanzania mama mjamzito hupewa chandarua anapofika kliniki mara ya kwanza, na mtoto hupata cha kwake akipelekwa chanjo ya surua ya miezi 9. Kama hukupewa, uliza. Ni haki ya mwanao.

Ila kitumike kama kinavyotakiwa. Kikiwa kipya, kianike kivulini siku nzima kabla ya kukitundika. Pindo lake lichomekwe chini ya godoro pande zote. Ukiliacha linaelea, umemfungulia mbu mlango. Mlaze mtoto mbali na wavu, kwa sababu mkono au paji la uso likigusa wavu, mbu huuma kutokea nje. Kila wiki kikague. Usiku zima taa, mmoja aingie ndani na tochi ya simu, mwingine asimame nje atazame. Tundu lolote litaonekana. Lishone usiku huo huo; usipoziba ufa utajenga ukuta. Kikichafuka, kifue kwa sabuni ya kawaida, usitie dawa ya kung'arishia nguo, na ukianike kivulini, maana jua huila dawa iliyomo.

Na vile vichandarua vidogo vya sokoni, vinavyokunjuka kama mwavuli, vinafaa sana kwa usingizi wa mchana. Vingi havina dawa, basi hakikisha havina tundu na kwamba mtoto hajabanwa ukingoni.

Sasa turudi uani, kwenye zile saa za kabla ya chandarua.

Majirani zetu wa Uganda wametupa somo kubwa hapa. Katika wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Ruwenzori, watafiti waliwachukua kina mama wapatao 400 wenye watoto wa kuanzia miezi 6 hadi mwaka na nusu. Wote walipewa vyandarua. Kisha nguo za kubebea watoto, zile ambazo wenzetu huziita lesu, nusu zililowekwa kwenye dawa ya kuua mbu iitwayo permethrini, na nusu zililowekwa kwenye maji matupu. Baada ya miezi karibu sita, watoto waliobebwa kwa nguo zenye dawa walikuwa wamepata malaria pungufu kwa takriban theluthi mbili kuliko wenzao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2025.

Nilipoyasoma nilimkumbuka yule muuguzi wangu. Watoto wote wale walikuwa na vyandarua, msikilizaji. Tofauti ilikuwa kile kitambaa cha mgongoni. Mbeleko, ambayo bibi zetu waliiona ni kitanda cha mtoto anayetembea, kumbe inaweza kuwa pia chandarua cha mtoto anayetembea.

Lakini naomba unisikilize vizuri. Usichukue kanga yako leo ukaichovya kwenye dawa ya kuulia wadudu ya shambani au ya dukani. Kule Kasese dawa ilipimwa na kutiwa na watu wenye ujuzi. Dawa isiyo yake, kwa kipimo kisicho chake, juu ya ngozi ya mtoto, ni sumu. Nimekisimulia kisa hiki ili ujue kwamba mbu wa mgongoni ni wa kweli, na ukimzuia, mtoto anapona.

Basi tufanye yale tunayoyaweza sasa hivi. La kwanza, mwogeshe mtoto mapema, saa kumi na moja, jua likiwa bado juu. Mfute vizuri, kisha mvalishe nguo ya pamba nyepesi, ya mikono mirefu na suruali inayofika kwenye kifundo cha mguu, na soksi. Rangi iwe ya kupauka, maana nguo za rangi nzito huwavuta mbu. Utaniambia, mama, huku kwetu joto, mtoto atapata harara. Ni kweli, ndiyo maana nasema pamba, nyepesi, isiyombana. Mpunguzie matabaka, usimwachie ngozi wazi. Na kanga peke yake iliyomkaza haimzuii mbu, kwa sababu hupenyeza mdomo wake katika kitambaa chembamba kilichogusana na ngozi. Mtoto awe na nguo yake ndani, ndipo umfunge mbeleko, na miguu ifunikwe.

La pili ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Shusha chandarua magharibi. Usingoje saa ya kulala. Adhana ikisikika, fungua fundo, chomeka pindo, na mtoto aingie ndani, awe macho au amelala. Anyonyee humo, achezee humo. Nani atakaa naye? Hapa nasema na wewe baba. Mama yuko jikoni, moto umekolea, chakula hakijaiva. Wewe umetoka kazini, umeoga. Ingia ndani ya chandarua na mwanao kwa saa moja na nusu. Mlaze kifuani, mwimbie, mwonyeshe kivuli cha mkono wako ukutani. Usipokuwepo, ataingia bibi, au dada mkubwa na daftari lake la shule. Katika nyumba yetu, tangu jioni ile ya juzi, hiyo ndiyo kazi yangu, na sijapata kazi tamu kama hiyo tangu nizaliwe.

Kama umeme upo na una feni, iwashe. Mbu ni mrukaji dhaifu; upepo kidogo tu humpoteza njia. Madirisha yawe na wavu, na kama huna uwezo wa wavu, yafunge kabla jua halijazama, uyafungue baadaye watu wakiwa ndani ya chandarua. Tazama na ule mwanya kati ya ukuta na paa. Anofelesi anaupenda kuliko mlango. Mahali pengine watu wameuziba kwa udongo, vipande vya mbao au wavu, wakiacha hewa ipite kwingine.

Na dawa za kufukuza mbu je? Ile dawa ya kuwasha, ya mduara wa kijani, inafukuza, lakini mtoto anaivuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima dawa za namna hiyo zilizonunuliwa China na Malaysia, ukaona kwamba mduara mmoja ukiungua wote hutoa chembe ndogo za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Hakuna atakayekubali mtu avute sigara 75 juu ya kitanda cha mwanawe. Kama lazima uiwashe, iwe nje, mbali na mtoto. Ya kupuliza nayo, mtoe mtoto kwanza, puliza, funga chumba kama kibandiko kinavyoelekeza, kisha fungua madirisha hewa isafike kabla hajarudi.

Mafuta ya kupaka yenye dawa inayoitwa DEET hayafai kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili. Huyo kinga yake ni nguo na chandarua tu. Aliyezidi umri huo, uliza kwanza kwa mtaalamu wa afya. Ukiruhusiwa, mimina kidogo mikononi mwako wewe, ndipo umpake kwenye ngozi isiyofunikwa na nguo. Usimpake viganja, maana vitaingia kinywani, wala karibu na macho, mdomo au kidonda. Akiingia ndani kulala, mwogeshe yaondoke. Mafuta ya mkaratusi wa limau yasipakwe mtoto wa chini ya miaka 3. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa kulainisha ngozi, ila usiyategemee kumzuia mbu. Kivumbasi chetu, kile cha kunukia ambacho wazee hukitundika mlangoni, kibaki mlangoni. Usimpondee mtoto majani ukamsugulia. Na programu za simu zinazodaiwa kufukuza mbu kwa sauti, achana nazo. Hazifanyi kazi.

Pamoja na yote haya, msikilizaji, ipo siku mtoto ataumwa. Nyumba ni nyumba, na mbu ni wengi. Tufanyeje?

Kwanza ujue kwa nini anawashwa. Mbu anapochoma, huingiza mate yake ili damu isigande akiwa bado anainywa. Mwili wa mtoto huyaona mate yale kuwa ni mgeni, huyapiga vita, na vita vile ndivyo uvimbe na muwasho. Kuna jambo linalowachanganya wazazi: mtoto anayeumwa kwa mara za mwanzo kabisa huenda asionyeshe alama yoyote. Mwili bado haujamtambua mgeni. Baada ya kuumwa mara kadhaa ndipo huvimba, tena sana kuliko mtu mzima, hata kope linaweza kufunga jicho kwa doa moja tu. Akikua, miaka ikipita, mwili huzoea na uvimbe hupungua.

Na hakikisha ni mbu kweli. Harara ni vipele vidogo vidogo vingi, hupenda mikunjo ya shingo, kwapani na mgongoni palipofunikwa. Kunguni mara nyingi huacha alama zilizopangana mstari. Mbu huacha vivimbe vilivyotawanyika pale palipokuwa wazi, usoni, mikononi, miguuni, na ukitazama kwa karibu utaona kitundu kidogo katikati.

Tiba ya kwanza iko nyumbani kwako, nayo ni maji safi na sabuni laini. Osha mahali hapo taratibu, ufute kwa kugusagusa, usisugue. Kisha chukua kitambaa safi, kiloweshe kwa maji baridi, na kama nyumbani una mtungi wa udongo, maji yake safi yana baridi ya kutosha. Kamua, weka juu ya uvimbe kwa dakika tano hadi kumi, ondoa, rudia baadaye. Ubaridi hupunguza uvimbe na kuutuliza muwasho. Barafu usiiweke moja kwa moja juu ya ngozi ya mtoto, itamuunguza. Mkate kucha ziwe fupi, uzisugue pembe zisiwe kali, na usiku unaweza kumvalisha soksi mikononi. Kwenye duka la dawa wanauza losheni ya rangi ya waridi iitwayo kalamaini. Tone dogo juu ya uvimbe husaidia, mradi ngozi haijachanika na si karibu na macho au mdomo. Dawa za kunywa za mzio, na krimu zenye steroidi, usimpe wala usimpake mtoto mchanga kwa kusikia kwa jirani. Hizo ni za kuelekezwa na daktari.

Halafu mnyonyeshe, mbembeleze. Mtoto anayewashwa hutaka kushikwa. Kifua cha mama hakiondoi uvimbe, lakini kinampa utulivu wa kusahau.

Yapo tuliyoyarithi ambayo naomba tuyaache. Mimi mwenyewe nilimpaka mwanangu dawa ya mswaki, kwa sababu niliona inatoa ubaridi. Alilia mpaka sauti ikakauka, na kesho yake ngozi ikawa nyekundu kuzunguka uvimbe. Sikuwa na nia mbaya. Hakuna mama mwenye nia mbaya saa nane za usiku. Lakini ngozi ya mtoto ni nyembamba, na kile unachokipaka juu kinaingia ndani. Usipake mafuta ya taa kabisa. Usipake ndimu, maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi. Utomvu wa manjano wa mshubiri nao unawasha. Mafuta ya kuchua yenye kafuri, yale makali ya mafua, si ya mtoto wa chini ya miaka 2.

Doa likizidi kuwa jekundu na la moto, likitoa usaha, au uvimbe ukiendelea kutanuka, nenda zahanati. Mtoto akivimba midomo au uso wote, au akipumua kwa shida, usingoje asubuhi.

Na homa. Hapa naomba unipe sikio lote. Mtoto mchanga mwenye homa asikae nyumbani na dawa ya kubahatisha. Akiwa na joto, akikataa kunyonya, akitapika, akilegea, apelekwe akapimwe siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua tone moja la damu kidoleni au kisiginoni, na majibu hutoka muda si mrefu. Akikutwa nayo, atapewa dawa kwa uzito wake, nawe uimalize yote hata akichangamka siku ya pili. Akipata degedege, huku kwetu pwani wapo wazee wanaosema ni ndege amepita juu ya nyumba au ni shetani, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Kwa heshima yote, wazee wangu, homa kali ya malaria inaweza kumtetemesha mtoto, nayo inatibika hospitalini. Dua tumsomee, naam, tumsomee tukiwa njiani.

Kabla sijakuaga, tazama maji yako. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja au mbili tu. Kifuu cha nazi kilichotupwa nyuma ya jiko kikinyeshewa mvua kinamtosha Aedesi. Kopo, tairi, sahani ya chini ya ua, pipa lisilo na kifuniko, vyote vinamtosha. Chagua siku moja kila wiki, mwaga, na usugue kuta za chombo, maana mayai ya Aedesi hung'ang'ania hapo na hukaa makavu miezi mingi yakingoja maji. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya shimo vilimwagiwa punje nyeupe za plastiki nyepesi zikaelea na kuyafunika maji, na Kuleksi wakapungua sana. Kijiji kizima kilipumua. Jambo la mbu halimalizwi na nyumba moja. Ukimwaga maji yako na jirani akayaacha ya kwake, mbu wa jirani watakuja kwa mtoto wako.

Msikilizaji, muda wangu unakwisha. Sina dawa mpya niliyokuletea leo, ila nakuachia swali la muuguzi yule, nawe ulipeleke kwa mwenzako. Jua likizama leo, kabla hujasonga ugali, kabla hujawasha runinga, geuka nyuma. Tazama miguu ya mtoto aliye mgongoni kwako, au mgongoni kwa mkeo, au kwa mkwe wako. Kama imefunikwa, mshukuru Mungu. Kama iko wazi, mvalishe soksi, umwingize kwenye chandarua, na wewe uingie naye.

Mimi nakwenda kukishusha cha mjukuu wangu sasa hivi. Usiku mwema.